Vikombe vya kusukumia beringi: seti mbili nilizonunua na moja niliyochongesha

Miaka tisa nimekalisha beringi za magurudumu kwa nyundo na soketi. Ndivyo nilivyofundishwa kazi hapa Busia, na gereji nyingi za upande wetu wa Uganda bado zinafanya hivyo. Unapaka grisi, unaweka soketi juu ya beringi, unagonga kushoto, unagonga kulia, na mlio ukibadilika kutoka "ko" kuwa "ti" unajua imefika chini. Siitukani njia hiyo, imesomesha watoto wangu wawili. Ila pikipiki za hapa zina taabu yake. Wanaobeba samaki kutoka Majanji ziwani, maji ya barafu yanachuruzika toka kwenye makreti hadi kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu beringi zinamokaa, siku nzima, na ukiongeza vumbi, beringi iliyokaa upande hata kidogo haimalizi miezi miwili. Mteja anarudi. Anasimamisha pikipiki mbele ya gereji bila kusema kitu, anainua gurudumu kwa stendi, analizungusha, na wote wawili tunasikiliza linavyonguruma.

Basi nikaanza kununua vifaa.

Seti ya kwanza ilikuwa ya kugongea: mpini wa chuma na sahani za aluminiamu za duara, zimepangwa vizuri kwenye sanduku jekundu la plastiki. Nililipa shilingi 85,000 za Uganda dukani, sitalitaja ni lipi. Muuzaji aliniambia inaingia kila kitu, pikipiki hadi lori. Nilipofika gereji nikatoa kalipa, kile kipimo cha milimita. Sahani ndogo kuliko zote: milimita 39.5. Wenye kazi hii mmeshacheka. Beringi ninazokutana nazo kila siku ni za namba 6301, 6302 na 6202. Ya 6301 ina tundu la milimita 12 na upana wa nje 37. Ya 6202 ni 15 kwa 35. Sahani ya 39.5 haiingii hata kwenye mdomo wa habu zake. Inayobaki ni 6302 peke yake, ambayo nje ni 42, na hapo kweli sahani ile inakaa vizuri juu ya pete ya nje. Kwa hiyo nilinunua sahani moja kwa shilingi 85,000, na nyingine tisa za magari nisiyoyatengeneza. Kosa langu, kalipa ilikuwa mfukoni mwa ovaroli nikiwa dukani.

Seti ya pili niliagizia kwa mtu anayekwenda Kampala, 260,000. Hii ni ya kuvuta: fimbo ndefu yenye nyuzi, nati mbili, na sahani za chuma za kila kipimo, hata 32 na 35 zimo. Unapitisha fimbo katikati ya habu, unaweka beringi na sahani yake upande mmoja, sahani pana upande wa pili, unakaza nati kwa spana, na beringi inaingia polepole bila kelele. Wiki ya kwanza nilijiona mhandisi.

Wiki ya pili niliharibu habu ya mtu. Fimbo ni ya milimita 10, maana lazima ipite hata kwenye tundu la beringi ya 12. Ikipita kwenye tundu la 15 inaachia nafasi ya milimita mbili na nusu kila upande. Hakuna kinachoishika katikati. Beringi ikaanza kuingia imeinama kidogo tu, jicho halioni, nami nikaendelea kukaza. Hapo ndipo nilipoielewa nyundo vizuri. Nyundo inakupa habari: ikienda upande, mlio unakwambia na mkono unakwambia. Skrubu ina nguvu na ni bubu. Beringi ya chuma ililima aluminiamu ya habu, ikatoa unyoya mwembamba unaong'aa kama ukucha uliokatwa, na nilipoutoa kwa koleo nilijua habu ile imekwisha. Nilinunua nyingine kwa pesa yangu. Mteja hakugomba, na hilo liliniuma zaidi.

Ningekuwa nimerudi kwenye soketi kama si mzee mmoja tunayemwita Afande. Alistaafu jeshi zamani, kisha akafanya kazi na wawindaji Afrika Kusini kabla ya kurudi nyumbani. Huja gerejini asubuhi kusoma gazeti, maana kwake watoto wana kelele. Aliponiona nikiigeuza ile fimbo mkononi akauliza shida ni nini. Nikamweleza. Akaweka gazeti chini.

"Kijana, wewe unasukuma kwanza halafu unatafuta mstari," akasema. "Wale niliokuwa nao wanatafuta mstari kwanza."

Akanisimulia kuhusu wazungu waliokuwa wakijaza risasi zao wenyewe mezani, watu wa kulenga shabaha ya mbali, kwa vibali vyao vya huko. Kitu walichobishania usiku kucha hakikuwa bunduki bali "dai", kile kifaa cha chuma cha kukalishia kichwa cha risasi kwenye ganda lake. Kichwa kikikaa kimeinama hata unywele, mbali hakiendi kilikotumwa. Dai za bei nafuu, alisema, zinashuka na kusukuma tu, na kichwa kinajitafutia njia. Zile walizozipenda, za Wamarekani kama Redding na Forster, zina mrija wenye springi unaotangulia kushuka: unalikumbatia ganda na kichwa pamoja, vinasimama mstari mmoja, ndipo kisukumio kinapofanya kazi. Na kisukumio chenyewe hakigusi ncha, kwa sababu ncha hazilingani urefu. Kinashika chini ya ncha, pale mwili unapoanza kunenepa. Juu ya dai kuna kichwa cha maikromita, mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani karibu milimita 0.025.

"Kuna mmoja alikuwa na dai nne za risasi moja," Afande akasema. "Mke wake alikuwa na sufuria tatu."

Sina haja ya risasi, wala hapa si mahali pa kuzichezea. Lakini usiku ule sikulala. Kama dai inashika vitu viwili kwenye mstari kabla ya kusukuma, kikombe cha kusukumia beringi kingefanya nini?

Jibu nilikwenda kulichongesha Katwe, mtaa wa Kampala, karibu kilomita 200 kwenye taksi. Fundi wa kukereza vyuma niliyempata hakutaka maneno mengi. Alitaka vipimo. Nilimchorea vikombe vyenye ngazi. Ngazi ndogo inaingia ndani ya tundu la beringi, 12 kwa 6301 na 15 kwa zile mbili nyingine, ikibana kiasi cha kuteleza kwa kidole bila kuchezacheza. Ngazi kubwa inalala juu ya pete zote mbili, ya ndani na ya nje, lakini ni nyembamba kuliko beringi kwa milimita moja ili isikwame kwenye habu. Katikati tundu la fimbo, 10 kamili. Halafu vizibo vya upande wa pili, 35, 37 na 42, vinavyoingia kwenye nyumba tupu ya beringi iliyo mkabala na kuishika fimbo katikati. Vipande vyote, 150,000, kutoka ekseli kuukuu aliyokuwa nayo pale pale.

Sasa fimbo haina pa kwenda. Kizibo kinaishika huku, kikombe kinaishika kule, na beringi imepanda juu ya kikombe kabla sijagusa spana. Ikiwa upande wa kwanza umeshakaa na naweka wa pili, badala ya kizibo kipana natumia kikombe kingine ndani ya tundu la beringi iliyotangulia. Chini ya nati nimeweka gololi za steringi ya baiskeli na grisi, kwa hiyo spana inakwenda laini na ninahisi beringi inapogota. Ububu wa skrubu umepungua. Haujaisha.

Jambo moja ambalo hakuna seti itakayokufanyia ni kujua pa kuachia. Kati ya beringi mbili kuna spesa, kile kibomba ambacho wengine hukisahau mezani. Ya kwanza unaisukuma mpaka chini kabisa. Ya pili unaisukuma mpaka pete ya ndani iguse spesa, unaacha. Mimi naingiza kidole: spesa isilie ukitikisa gurudumu, lakini ukiisukuma kwa kidole kwa nguvu isogee kidogo. Ukipitiliza, gololi zinabanwa kwa ubavuni na beringi mpya inakufa na grisi yake ikiwa bado safi. Na ukisahau spesa kabisa, nati ya ekseli ndiyo itakayozisaga.

Habu naipasha kwa vitambaa vilivyochovywa maji ya moto. Aluminiamu ya kipenyo cha 42 ikipanda joto nyuzi 60, tundu linapanuka karibu milimita 0.06, na hiyo inatosha kabisa. Beringi inalala kwenye friza ya mama anayeuza soda jirani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isiingie unyevu. Ameshazoea. Siku moja alimpa mteja beringi badala ya soda, kwa mzaha.

Kwa anayetaka kununua: seti ya kugongea ya magari usiipeleke kwenye pikipiki kabla ya kupima sahani yake ndogo kuliko zote. Idadi ya vipande kwenye sanduku haina maana. Ya kuvuta ni nzuri ikiwa tu sahani zina ngazi inayoingia kwenye tundu la beringi. Zikiwa bapa tupu, hesabu na gharama ya fundi wa kukereza. Niliwahi kushika ile ya SKF, kampuni ya beringi, inayoitwa TMFT 36 kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha sukari: pete 36, mirija mitatu na nyundo isiyoruka. Pete yake inashika ndani na nje kwa pamoja kama vikombe vyangu. Ningekuwa na kiwanda ningeinunua.

Malalamiko yangu kwa seti yangu mwenyewe: kikombe cha 6301 kimeanza kulegea tunduni kwa sababu chuma hakikupitishwa motoni, na nyuzi za fimbo zimelika pale ambapo nati hukaa siku zote. Nimeigeuza fimbo kichwa chini miguu juu, itanifikisha Desemba. Soketi ipo, naifungulia nati ya ekseli.