Runi za Diablo II: Resurrected: zipi uunganishe, zipi usiguse

Kinachonifanya niendelee na Diablo II: Resurrected, gemu ya kupigana na mapepo na kukusanya vifaa, ni runi, yaani vijiwe unavyoingiza kwenye matundu ya vifaa. Diablo II ya mwaka 2000 haikuwa nazo. Zilikuja na nyongeza ya Lord of Destruction mwaka 2001, na toleo la Resurrected, lililotoka Septemba 2021, limezirudisha zote 33 kuanzia El hadi Zod, pamoja na sanduku la pamoja la kuhamishia vitu kati ya wahusika wako. Nauweka uamuzi wangu mbele kabisa: sijatumia mfumo mwingine wa kuboresha vifaa unaoufikia huu, kwa sababu mwenye kujua kanuni humpita mwenye bahati. Shida ni kwamba gemu inakuachia ujitafutie kanuni zenyewe, na anayebahatisha hupoteza runi ambazo hatazirudisha kirahisi.

Runi moja ikiingia kwenye tundu la kifaa hutoa faida yake ndogo. Ral kwenye deraya au kofia huongeza kinga ya moto kwa asilimia 30, na kwenye ngao 35. Ort hufanya hivyo kwa radi, Thul kwa baridi, Tal kwa sumu. Kwa mhusika mchanga hilo linatosha kumvusha. Ila nguvu halisi iko kwenye maneno ya runi: runi maalumu, kwa mpangilio maalumu, kwenye kifaa chenye idadi kamili ya matundu. Tal kisha Eth kwenye deraya ya matundu mawili ni Stealth. Inavaliwa kuanzia leveli ya 17, inaongeza asilimia 25 kwenye mwendo na asilimia 25 kwenye kasi ya kurusha uchawi, na runi zake zote mbili ni za bei ya chini. Sioni sababu ya mtu kuvuka leveli hiyo bila kuivaa.

Masharti ya neno la runi ni manne na hayana huruma. Kifaa kiwe cha kawaida, yaani jina lake liandikwe kijivu. Chenye maandishi ya bluu, ya njano, ya kijani au ya dhahabu hakifai hata kama kina matundu. Matundu yawe idadi ile ile, yasizidi wala yasipungue. Aina ya kifaa iwe inayotakiwa. Na mpangilio uwe sahihi, kwa sababu Eth kisha Tal hakuwi Stealth, kunakuwa deraya yenye runi mbili tu. Ukipatia, jina hugeuka dhahabu papo hapo na runi zako zinaandikwa kwa mfuatano chini yake. Ukikosea, njia ya kutoka ni kuweka kifaa hicho kwenye Horadric Cube, kisanduku cha kuchanganyia vitu, pamoja na runi ya Hel na Scroll of Town Portal, karatasi ya kurudia mjini. Iwe ile karatasi moja, si kitabu cha Tome. Matundu yanabaki wazi, lakini kila kilichokuwa ndani kinapotea na Hel inaliwa. Kwa hiyo soma mpangilio mara mbili kabla ya kuweka runi ya kwanza.

Kabla ya kuboresha runi yoyote, tafuta kifaa kwanza. Wengi hufanya kinyume. Mfano mzuri ni Spirit, neno la Tal, Thul, Ort, Amn kwenye upanga au ngao ya matundu manne. Linavaliwa kuanzia leveli ya 25, linaongeza leveli 2 kwa ujuzi wote, kasi ya kurusha uchawi kati ya asilimia 25 na 35, na mana, yaani akiba ya nguvu za uchawi, kati ya 89 na 112. Runi zake hazina taabu, tabu ni upanga. Crystal Sword ina ukomo wa matundu unaotegemea leveli ya kifaa, yaani leveli ya adui aliyekidondosha au ya eneo kilikodondoka. Kuanzia 26 hadi 40 ukomo ni matundu manne, kuanzia 41 ni sita. Larzuk, fundi wa mji wa Harrogath, anayekutobolea kifaa kimoja kwa kila ngazi ya ugumu (Normal, Nightmare na Hell) baada ya kumuua adui aitwaye Shenk, huweka idadi ya juu kabisa kila mara. Ukimpelekea Crystal Sword iliyodondoka ngazi ya Hell atakupa matundu sita, na Spirit haitaingia hapo kamwe. Mpelekee iliyodondoka kwa ng'ombe wa Secret Cow Level ngazi ya Normal: leveli ya eneo lile ni 28, kwa hiyo matundu manne ni hakika. Broad Sword ni salama zaidi kwa sababu ukomo wake ni manne hata ikitoka wapi, mradi leveli yake iwe 26 au zaidi. Kwa upande wa ngao, Monarch huishia matundu manne, ila inadai nguvu 156, kwa hiyo pima kama mhusika wako anaweza kubeba gharama hiyo.

Kutoboa matundu kwa Horadric Cube kunawezekana. Deraya hutumia Tal, Thul na Perfect Topaz. Silaha hutumia Ral, Amn na Perfect Amethyst. Kofia ni Ral, Thul na Perfect Sapphire, na ngao ni Tal, Amn na Perfect Ruby. Kifaa kiwe cha kawaida kabisa, kisiwe Superior (chenye ubora wa ziada) na kisiwe na tundu hata moja. Gemu hurusha namba kati ya 1 na 6, na namba inayozidi ukomo wa kifaa huhesabiwa kuwa ni ukomo wenyewe. Kwa deraya yenye ukomo wa manne, nafasi ya kupata manne ni nusu, kwa kuwa 4, 5 na 6 zote zinakuwa nne, huku moja, mawili na matatu kila moja likiwa na nafasi moja kati ya sita. Ukitaka matatu hasa, kwa mfano kwa ajili ya Treachery, ambayo ni Shael, Thul, Lem, heri utafute deraya iliyokwisha kutobolewa kuliko kuchoma vito. Kumbuka madaraja ya vito kuanzia chini ni Chipped, Flawed, cha kawaida, Flawless na Perfect, na kila daraja linahitaji vito vitatu vya daraja la chini yake, kwa hiyo Perfect moja ni sawa na Chipped 81.

Sasa kuboresha runi. Kuanzia El hadi Ort, runi tatu za aina moja zinatoa moja ya daraja linalofuata bila kitu kingine. Kuanzia Thul unaongeza kito: Thul tatu na Chipped Topaz zinatoa Amn, Amn tatu na Chipped Amethyst zinatoa Sol, Sol tatu na Chipped Sapphire zinatoa Shael, Shael tatu na Chipped Ruby zinatoa Dol, Dol tatu na Chipped Emerald zinatoa Hel, Hel tatu na Chipped Diamond zinatoa Io. Mzunguko huo huo wa vito unarudi kwa Flawed kuanzia Io. Ukifika Pul, hesabu inabadilika: runi mbili tu zinatosha. Pul mbili na Flawed Diamond ni Um, kisha vito vya kawaida vinaanza na Um mbili na Topaz kwa ajili ya Mal, na Flawless zinaanza na Lo mbili kwa ajili ya Sur. Ndani ya Cube mpangilio hauna maana, kwenye matundu ndipo una maana.

Kubadilika huko kwa hesabu ndiko kunakoonyesha wapi kuboresha kunalipa. Chini, kunalipa kiasi, kwa sababu runi ndogo zinadondoka ovyo. Amn moja kwa kuanzia Ral ni Ral 27 na topazi moja. Sol ni Ral 81, na hapo mimi nasema acha. Katikati, kati ya Hel na Lem, ni pabaya zaidi: Lem moja ni Io 81. Huku chini mpaka katikati weka akiba ya Shael, za Treachery na za Rhyme, ambayo ni Shael kisha Eth kwenye ngao ya matundu mawili. Weka Lum moja ya Smoke, yaani Nef kisha Lum kwenye deraya, inayotoa kinga 50 kwa kila kitu. Weka na Hel chache za kufutia makosa. Zinazobaki ndizo za kupandisha. Kuanzia Pul mambo yanakuwa mazuri tena: Ist moja ni Pul nane, lengo linalofikika.

Juu ya hapo kuwa na shabaha moja. Enigma, yaani Jah, Ith, Ber kwenye deraya ya matundu matatu, humpa mhusika yeyote uwezo wa Teleport, wa kuhama papo hapo kutoka hapa hadi pale, na ndiyo ndoto ya wengi. Ukihesabu kwa Ist, Ber ni 64 na Jah ni 128, jumla 192. Hakuna anayefika hapo kwa Cube peke yake, Cube inakumalizia tu hatua mbili tatu za mwisho pale bahati ilipoishia. Na usigeuze Jah mbili kuwa Cham. Cham iko juu kwenye orodha lakini ina kazi chache, na kwa wanaobadilishana mtandaoni Jah ndiyo inayotafutwa.

Chanzo cha kuaminika cha runi ni Countess, adui mkuu wa mnara wa Forgotten Tower, kule Black Marsh, chumba cha chini kabisa. Fungu lake maalumu la runi linafika Ral kwenye Normal, Io kwenye Nightmare, na Ist kwenye Hell. Ndiyo maana nashauri usihangaike kupandisha Ral hadi Amn na Sol: maliza Normal, nenda Nightmare, umrudie yeye. Kwenye kompyuta bila mtandao kuna amri ya /players inayowaimarisha maadui na kuongeza vitu vinavyodondoka. Kwa Countess iache kwenye 1. Adui mmoja hadondoshi zaidi ya vitu sita, na vitu vya kawaida vikiwa vingi huzisukuma runi nje. Zungukia pia kazi ya Hellforge kwenye Act IV (sura ya nne ya gemu), ambayo kila mhusika anaipata mara moja kwa kila ngazi: El hadi Amn kwenye Normal, Sol hadi Um kwenye Nightmare, Hel hadi Gul kwenye Hell. Na usiiruke kazi ya kuwaokoa wanajeshi 15 kule Act V. Mkuu wao, Qual-Kehk, anakulipa Tal, Ral na Ort, ambazo ukizipanga Ral, Ort, Tal kwenye ngao ya matundu matatu zinatoa Ancient's Pledge, yenye kinga ya baridi asilimia 43 na 48 kwa moto, radi na sumu. Kwa aliyekwama mwanzoni mwa Nightmare, ngao hiyo ni mkombozi kweli.

Neno moja zaidi ambalo silikosi: Insight, yaani Ral, Tir, Tal, Sol kwenye silaha ya mpini mrefu ya matundu manne. Usiishike wewe, mpe askari wa kukodi wa mji wa Lut Gholein, anayepigana pamoja nawe. Aura yake ya Meditation, yaani nguvu inayowafikia walio karibu, inakurudishia mana na wewe, na mchawi anaacha kunywa chupa za bluu kila dakika.

Kwa tunaocheza Dodoma, hali ya bila mtandao ndiyo ninayoipendekeza. Kompyuta inataka nafasi ya GB 30, kwa hiyo pakua usiku kwa bando la usiku au kwa mwenye faiba, kisha cheza bila kuwaza bando, ukiingia mtandaoni mara chache tu kuthibitisha leseni. Faida nyingine ni kwamba ramani haibadiliki mpaka ubadili ngazi ya ugumu, kwa hiyo njia ya kwenda kwa Countess unaikariri. Hasara ni kuwa mhusika wa huku hahamishiki mtandaoni, na hakuna wa kubadilishana naye runi. Umeme nao ni wa kuutazama: baada ya kila runi ya maana toka kwa Save and Exit, kwa sababu ukikatika katikati unaweza kurudi na kukuta iliyodondoka karibuni haipo. Wahusika na sanduku la pamoja wanakaa kwenye folda ya Diablo II Resurrected ndani ya Saved Games. Nakili folda hiyo yote kwenye flashi, si faili la mhusika pekee, kwa kuwa sanduku la pamoja lina faili lake, na humo ndimo runi nyingi hukaa.