Dawa za kuoshea sakafu ya mbao ya nje: nilizojaribu na nilizobaki nazo

Ukifika dukani, geuza chupa usome nyuma. Mbele ya karibu kila dawa ya kuoshea mbao za nje utakuta picha ileile ya sakafu inayong'aa na maneno makubwa ya sifa. Kilichomo kimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na hicho ndicho kitakachoamua kama mbao zako zitatakata au zitachubuka.

Baraza yangu ni ya mbao tupu, haina rangi. Upande mmoja unapigwa na jua kutwa, upande wa pili uko chini ya mti na hukawia sana kukauka. Kila dawa niliipa mbao zake pande zote mbili, nikaacha na mbao zisizooshwa za kulinganishia. Matokeo yake, nimebaki na blichi ya oksijeni ya unga pamoja na asidi ya oksaliki. Nyingine sinunui tena, ila moja nitakayoitaja chini.

Kabla ya dawa, tazama unaosha nini hasa. Ule ukijivu wa mbao zilizokaa juani si vumbi. Mionzi ya jua huivunjavunja lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, kisha mvua huiondoa, na juu zinabaki nyuzi zilizopauka. Vitone vyeusi aghalabu ni kuvu. Utando wa kijani unaoteleza ni mwani, na huo hupenda kivuli na unyevu. Halafu kuna weusi unaozunguka vichwa vya misumari: hapo chuma kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, na sabuni hata uisugue vipi haiugusi. Mambo haya ni tofauti, ndiyo maana chupa inayojinadi kuwa inatibu yote kwa mpigo mmoja siiamini.

Nilianza na blichi ya klorini kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana. Kwenye lebo utaiona kama sodiamu haipokloriti. Ni kweli inafanya kazi upesi: weusi wa kuvu unapotea ukiwa umesimama palepale. Lakini ubao ulipokauka ulikuwa mweupe wa kupauka, si rangi ya mti, na nilipoupitisha kiganja nilikuta nyuzi zimesimama. Klorini inashambulia lignini ileile ambayo jua limeshaidhoofisha. Tope na mafuta yaliyoshikamana na mbao yalibaki vilevile, maana kazi yake kubwa ni kutoa rangi, si kung'oa uchafu. Ongeza kwamba inaharakisha kutu ya skrubu na kuunguza mimea inayopakana na baraza. Kwangu haifai.

Blichi ya oksijeni ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo ningependa usome taratibu. Jina lake kwenye lebo ni sodiamu pakaboneti. Ni unga mweupe; ukiutia majini unaachana na kuwa haidrojeni peroksaidi na sodiamu kaboneti, ambayo ni jamaa wa magadi. Peroksaidi inashughulikia kuvu na madoa, ile nyingine inalainisha uchafu na mafuta. Kazi ikiisha, peroksaidi inageuka maji na oksijeni. Mimea yangu ya pembeni niliimwagia maji mengi kabla na baada, na haikudhurika.

Ina masharti yake. Tumia maji ya uvuguvugu ili unga uyeyuke wote na uanze kufanya kazi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu chuma na shaba huiharibu dawa kabla haijafika kwenye mbao. Changanya unachokimaliza siku hiyohiyo, kwani baada ya saa chache nguvu imekwisha. Na tafadhali usiutie mchanganyiko kwenye chupa ukaifunga: gesi inaendelea kutoka na chupa inaweza kupasuka. Mimi hulowesha mbao kwanza kwa maji matupu, namwaga dawa, naiacha kama dakika 15 hivi, kisha nasugua kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Dawa isikauke juu ya mbao. Ikianza kukauka nanyunyiza maji. Kwa hiyo siku ya jua kali nafanya asubuhi mapema au jioni. Brashi iwe ya nailoni ngumu. Brashi ya waya huacha vipande vidogo vya chuma ndani ya nyuzi, navyo vitakuletea madoa meusi mapya.

Upande wa jua, mbao zilitoka safi bila manyoya. Upande wa kivuli, kijani chote kilitoka, ila palipokuwa na utando mnene ilibidi nirudie. Kasoro yake ni kwamba ni dawa ya kialkali, yaani kinyume cha asidi, na mbao zenye tanini nyingi kama mwaloni, mwerezi au mtiki zinaweza kuwa nyeusi kidogo baada ya kuoshwa nayo. Watu wengi wakiona hivyo wanadhani wameuziwa dawa mbovu.

Dawa ya hilo ni asidi ya oksaliki. Unaipaka mbao zikiwa bado zimelowa baada ya kuzisuuza, unaipa muda ulioandikwa kwenye pakiti, unasuuza tena. Inatuliza ualkali uliobaki na kurudisha rangi ya mti. Yale madoa ya misumari, ambayo hakuna dawa nyingine iliyoyatikisa, yalififia kwa sababu asidi hii hushikana na chuma na kukifanya kiyeyuke majini. Nilifurahi sana kuona hivyo, maana nilishakata tamaa nayo. Hata hivyo ni sumu ikimezwa, na vumbi lake linaunguza pua na macho. Vaa glavu, miwani na barakoa unapoupima unga, na watoto na wanyama wakae mbali mpaka umalize kusuuza. Isikutane kamwe na blichi ya klorini, wala siki isikutane na blichi hiyo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo inaweza kuua.

Ile dawa niliyosema nitaitaja ni ya kupulizia na kuacha, yenye benzalkonia kloridi. Haisuguliwi wala haisuuzwi. Mwani hufa polepole, kwa wiki kadhaa, kisha mvua huuondoa. Ukijivu na madoa ya chuma haviguswi. Naitumia upande wa kivuli tu, ili kijani kisirudi haraka. Usiitumie karibu na bwawa la samaki, kwa kuwa inawadhuru viumbe wa majini. Siki na sabuni ya vyombo? Sabuni inafaa kwa chakula kilichomwagika. Siki haikunionyesha chochote cha maana.

Kuhusu mashine ya maji ya presha, nimeitumia na ninaiogopa. Kwa mbao laini kama msonobari, psi (kipimo cha presha ya maji) 500 hadi 600 inatosha, na bomba litumie ncha ya kutawanya maji, si ile ya mshale mmoja. Ukiisogeza karibu mno inachimba sehemu laini za mbao na kuacha mifereji ambayo itakulazimu kupiga msasa. Dawa ikifanya kazi yake, mpira wa kawaida wa bustani unatosha kusuuza.

Kama mbao zako zina vanishi au rangi ya zamani inayobanduka, haya niliyoyaeleza hayatakusaidia sana. Pakaboneti haivui rangi. Hapo utahitaji dawa ya kuvulia, nyingi zake zikiwa na sodiamu haidroksaidi, ambayo ni kali kwa ngozi na macho na huzifanya mbao kuwa nyeusi zaidi kuliko pakaboneti, kwa hiyo asidi ya oksaliki baada yake ni lazima. Kisha ziache mbao zikauke angalau siku mbili za jua kabla ya kupaka mafuta au vanishi mpya. Dondoshea matone ya maji hapa na pale: yakinywewa upesi, mbao ziko tayari, yakikaa juu, subiri zaidi.