Tahadhari kwa wanaotafuta Volkswagen za zamani zenye paa la kuinuka

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa mnaotafuta magari ya zamani ya kupigia kambi, naomba msome haya kabla ya kutuma hata pauni moja ya arubuni. Yupo muuzaji katika pwani ya kusini anayetangaza kwamba ana Volkswagen ya miaka ya 1970 yenye paa la asili la Dormobile, aina ya paa la kuinuka lililotengenezwa Uingereza, ambalo halijaguswa, na humweleza kila mteja kwamba gari hilo lilikuwa la marehemu baba yake. Mimi nililinunua gari la namna hiyo, la mwaka 1972, na siku niliyokuwa nikilipeleka nyumbani paa lake nusura ling'oke nikiwa na mke wangu na watoto wawili ndani.

Tulipofika kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, ulianza mluzi mwembamba juu ya kichwa changu, nami nikadhani ni upepo wa dirishani. Muda si mrefu mke wangu aliona mwanga ukipenya kwenye kona ya mbele, kati ya ganda la faiba na bati, kwenye uwazi wa upana wa kidole. Nilisimama kando ya barabara, nikakanyaga kizingiti cha mlango na kushika ukingo wa paa kwa mkono mmoja. Lilinyanyuka, na bawaba yake ikanyanyuka pamoja nalo.

Wengi wetu tumekua tukiyaona magari ya watalii ya Arusha na Nairobi yakiinua paa mbugani, na pengine ndiyo sababu nilijiona nalijua jambo hili. Ukweli ni kwamba sikulijua. Volkswagen hizi hazina chesisi inayojitegemea kama ya lori; bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo, na mbavu za chuma zinazopita chini ya bati la paa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni sehemu ya nguvu hiyo. Anayetaka kuweka paa la kuinuka hulazimika kukata bati pamoja na baadhi ya mbavu, kwa hiyo ni lazima auzungushie uwazi huo fremu ya chuma ili kurudisha nguvu iliyoondolewa. Hapo ndipo kazi halali inapotofautiana na ulaghai, napo hufichwa na kitambaa cha dari.

Paa la Dormobile, lililotengenezwa na kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, Kent, lina bawaba ubavuni, na hufunguka kama kifuniko cha kasha huku turubai yake ya mistari ikitanuka. Yale ya kampuni ya Devon, kutoka Sidmouth, mengi huinuka wima, na ya Westfalia ya Ujerumani ya miaka hiyo huinuka upande mmoja wa mbele au wa nyuma. Nayataja haya kwa sababu muuzaji huyu anayafahamu vizuri sana na huyaeleza kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio ulionilegeza. Turubai ya mistari myekundu na myeupe aliyonionyesha ilikuwa mpya na nzuri, lakini turubai za namna hiyo zinashonwa na kuuzwa hadi leo, kwa hiyo haithibitishi chochote kuhusu bati lililo chini yake.

Fundi bodi alipoubandua utepe wa plastiki unaofunika ukingo kwa ndani, niliona kwa macho yangu. Bawaba zilikuwa zimekazwa kwa skrubu za mbao, zile zenye ncha, zilizotobolewa moja kwa moja kwenye bati jembamba. Tulihesabu skrubu 14, na 9 kati ya hizo zilizunguka bure kwa kuguswa na vidole. Mbavu zilikuwa zimekatwa kwa grainda na ncha zake zimeachwa na meno, bila rangi ya kuzuia kutu. Fremu haikuwepo kabisa. Silikoni nyeupe ilikuwa imejazwa pande zote kuficha mapengo, na nyufa za ganda la faiba zilizibwa kwa puti na kupakwa rangi. Kibaya zaidi, shokapu za gesi zinazosaidia kuinua paa zilikuwa na nguvu kupita kiasi, hivyo zilikuwa zikilisukuma paa juu muda wote hata lilipofungwa, na upepo wa barabarani ukamalizia kazi hiyo.

Baadaye nilizungumza na Mkenya mmoja aliyekaribia kununua gari jingine kwa mtu huyuhuyu. Tulipolinganisha picha tulizotumiwa, za ndani ya paa zilikuwa zilezile, zenye kiraka kidogo cha buluu kwenye kona ya turubai na fremu safi iliyofungwa kwa bolti. Gari langu halikuwa na kiraka hicho. Nilipomuuliza muuzaji siku ya kulikagua, alinijibu kwamba amebadilisha turubai wiki iliyotangulia, nami nikaridhika, kosa ambalo bado linaniuma. Marehemu baba naye alikuwa yuleyule katika magari yote mawili.

Hadithi ya baba ina kazi yake. Chini ya sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, anayenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kurudisha gari bovu na kudai fedha zake zote, lakini mtu binafsi anayeuza gari la familia hafungwi na masharti hayo. Anachotakiwa hasa ni gari lilingane na maelezo aliyoyatoa. Ndiyo maana nawasihi mhifadhi tangazo lenyewe pamoja na kila ujumbe. Vilevile alikataa katakata kadi na kutaka fedha ziingizwe moja kwa moja benki. Ningelipa kwa kadi ya mkopo kwa mfanyabiashara, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kingeniruhusu kuidai kampuni ya kadi, kwa kuwa kinahusu bidhaa za bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000.

Pia atawaambia kwamba gari halihitaji MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa magari wa kila mwaka. Ni kweli kwamba magari mengi yaliyozidi miaka 40 yamesamehewa, lakini hakuna anayekuzuia kuomba lipelekwe kukaguliwa kabla hujalipa, na sheria bado inataka liwe salama barabarani. Mwombeni abandue utepe wa ndani mbele yenu. Tafuteni bolti zenye nati na washa pana (vibati vya duara vyenye tundu) zinazotawanya mzigo, na mpitishe vidole kwenye ukingo wote mkitafuta fremu. Mkiona silikoni imejazwa kila mahali, ondokeni. Akisema ni Westfalia, dai kibao cha bati cha kiwandani chenye namba za vifaa, kisha uombe kwa Volkswagen wenyewe cheti kinachoonyesha jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Dormobile haitaonekana humo, kwa sababu iliwekwa Uingereza baada ya gari kutoka kiwandani.

Gari langu liko kwa fundi likichomelewa fremu, na madai yangu nimeyawasilisha kwa maandishi bila kujibiwa. Jumamosi iliyopita lilitokea tangazo jipya la Volkswagen ya kijani kibichi, mji jirani, kwa jina tofauti. Katika picha ya nne, kwenye kona ya turubai, kiraka cha buluu kinaonekana.