Kara no Shoujo: Tokyo ya 1956, andaa daftari na moyo mgumu

Nimeimaliza jana saa nane usiku, nikabaki na hedifoni masikioni majina ya watengenezaji yanapita tu kwenye skrini na mimi sina hata nguvu ya kufunga laptopu. Kwa ambao hawajui hizi, ni gemu ya kusoma, wenyewe wanaita vijuali noveli, hakuna kupigana wala kukimbia, unasoma hadithi yenye picha, sauti na muziki halafu kuna sehemu unachagua ufanye nini. Imetengenezwa na studio ya Innocent Grey ya Japani, kwao ilitoka 2008, tafsiri ya Kiingereza ikaja 2011 kupitia kampuni ya MangaGamer na ndiyo niliyocheza mimi, sauti zimebaki za Kijapani.

Niseme mapema, hii ni ya watu wazima kabisa. Kuna maiti zilizokatwa viungo na zinaonyeshwa wazi, mtu mwenye moyo mwepesi aiache. Kuna na vipande vya chumbani ambavyo havisaidii upelelezi chochote, mi niliviruka vyote na hadithi haikupungua kitu, bora wasingeviweka.

Sasa hadithi. Tokyo, Machi 1956, Tokisaka Reiji ni mpelelezi wa kujitegemea, zamani alikuwa polisi, akaacha kazi baada ya mchumba wake kuuawa kwenye mfululizo wa mauaji. Rafiki yake aliyebaki polisi, Uozumi, anamletea kesi ya wasichana wanaopotea halafu wanakutwa wameuawa, na Reiji inabidi aingie kwenye shule ya wasichana kama mwalimu wa muda ili achunguze humo ndani, shule yenyewe ndiyo anayosoma mdogo wake Yukari. Wakati huohuo kuna msichana anaitwa Kuchiki Toko anamfuata na kazi ya ajabu: nitafutie mimi wa kweli. Hajapoteza mtu wala mali, anataka atafutwe yeye. Sijawahi kuona mteja wa hivyo kwenye hadithi za upelelezi, na mimi nimezisoma nyingi.

Neno "kara" kwa Kijapani maana yake ganda, kama la yai, na ukilitamka tu linasikika pia kama "tupu", na "shoujo" ni msichana. Ndani ya hadithi, Kara no Shoujo ni jina la mchoro wa msanii mmoja, zaidi ya hapo sisemi, nitakuharibia.

Kitu kilichonishika zaidi ni ule mwaka. 1956 ndiyo mwaka ripoti ya uchumi ya serikali ya Japani iliandika kwamba sasa hatupo tena "baada ya vita". Na hapo ni miaka 11 tu tangu Machi 1945 ndege za Marekani zilipoichoma Tokyo usiku mmoja watu kama laki moja wakafa, na nchi ilikaa chini ya majeshi ya kigeni mpaka 1952. Kwenye makaratasi mambo yamekwisha ila watu wenyewe hawajapona, na Reiji ni hivyohivyo, anavuta sigara, anatania na mdogo wake, anafanya kazi, kumbe yule mchumba hajamzika moyoni. Ndo maana mauaji ya humu yanauma, kila anayekufa kuna mtu nyumbani alikuwa anamsubiri, na gemu haikuruhusu upite haraka.

Uchezaji wake ni kama kazi yenyewe. Ukifika eneo la tukio unabonyeza kimoja kimoja, mwili, sakafu, vitu vilivyozunguka, na ulichokiona kinaingia kwenye daftari la Reiji. Siku nyingine unachagua mwenyewe uende wapi, na huwezi kwenda kila mahali. Mbele huko unaulizwa umegundua nini, kama kuna kitu ulikiruka basi imekula kwako, mtu anakufa ambaye ungeweza kumuokoa. Mimi nilipata mwisho mbaya wa kwanza nikaumia kweli, halafu gemu haikuambii ulikosea wapi, kosa lenyewe linaweza kuwa la masaa matatu nyuma, hapo wamezidisha ukali. Kwa hiyo sevu, yaani hifadhi ulipofika, kila kabla ya kuchagua mahali pa kwenda, na weka sevu tofauti tofauti, usiandike juu ya ile ya zamani.

Michoro ni mizuri aisee, na muziki wa mtunzi MANYO, ile piano ya taratibu, ukiisikia unajua kuna habari mbaya inakuja kabla haijasemwa. Katikati panavuta sana, mazungumzo ya kwenye mgahawa yanarudi rudi, lakini usiyaruke kuna majina humo utayahitaji.

Nilipomaliza nilirudi mwanzo kabisa nikasoma tena pale Toko anapotoa ombi lake, maneno ni yaleyale ila safari hii ilibidi nisimame kidogo. Kuna sehemu ya pili ya 2013 na ya tatu ya 2020, hadithi ya Reiji inaendelea huko. Ya pili naianza wiki ijayo, hii bado haijanitoka.