Gemu za kutisha za zamani: anza na ipi, na ununue toleo gani

Unatoka chumba cha kulia, unaingia kwenye ujia mwembamba, na mbele yako kuna mtu amechutama amekupa mgongo, anatafuna kitu sakafuni. Amekusikia. Anageuza kichwa polepole, kipara kimepauka, mdomo umelowa damu. Onyesho hilo linakuja mapema kabisa kwenye Resident Evil, gemu ya Capcom iliyotoka kwa PlayStation mwaka 1996, na mimi nililikuta miaka mingi baada ya gemu yenyewe kuzeeka. Watu wake walikuwa na sura za mabonge, waigizaji wa sauti walikuwa wakavu kama mbao, na bado niliweka pedi chini nikaenda kuwasha taa.

Kama ndiyo kwanza unataka kuonja gemu za aina hii, hutakosa cha kununua. Kinachochanganya ni matoleo. Gemu ileile unaikuta kama diski ya awali, kama toleo la HD lenye picha kali zaidi, kama toleo lililojengwa upya tangu msingi, na kama faili la kompyuta, na kila muuzaji anakwambia lake ndilo bora. Mimi nimezipanga kwa kipimo kimoja: je, toleo hilo limeviacha vikwazo vya gemu mahali pake? Nasema kamera iliyogandishwa ukutani, risasi za kuhesabu, mfuko mdogo, kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, kwa masharti. Wengi huviita kasoro za enzi zile. Kwangu hofu yote imekaa humo. Kamera inayokuficha kona ndiyo inayokufanya usikilize nyayo. Ukiihamishia begani mwa mhusika, kona inaonekana, na nyayo zinabaki kelele tu.

1. Resident Evil, toleo la 2002 (nunua la HD)

Mwaka 2002 Shinji Mikami, aliyeongoza gemu ya kwanza, aliirudia mwenyewe kwa ajili ya GameCube, konsoli ya Nintendo. Jumba ni lilelile la Spencer, milimani Arklay, lakini limechorwa upya chumba kwa chumba, na kamera ameiacha palepale ukutani. Toleo la HD lilifika PS4, Xbox One na kompyuta mwaka 2015, kisha Switch mwaka 2019. Ni rahisi kulipata, halihitaji diski ya zamani wala konsoli ya zamani, na ndilo ninalompa kila mtu anayeanza.

Litazame kwa karibu uone linavyofanya kazi. Zombi ukimwangusha bila kumpasua kichwa, hajaisha. Baada ya muda anaweza kuamka akiwa mwekundu, ana kucha, na safari hii anakimbia. Dawa ni kumchoma moto. Ili umchome unahitaji mafuta ya taa na kiberiti cha gesi. Chupa ya mafuta inatosha kuchoma mara mbili tu, kisha urudi kuijaza. Sasa piga hesabu. Jill, mmoja wa wahusika wawili unaoweza kuwachagua, ana nafasi 8 za kubebea vitu. Bastola inachukua ya kwanza, risasi ya pili, chupa ya tatu, kiberiti ya nne, mmea wa dawa ya tano. Zimebaki tatu kwa funguo na vifaa vya mafumbo, na bado hujabeba utepe wa wino, ambao bila huo taipureta, mashine ya kusevia kwenye gemu hii, haikusevii. Kila unapotoka chumba salama unaamua ni hatari gani uikubali. Hakuna zimwi linaloweza kukutesa kama hesabu hiyo.

Chagua Jill. Mwenzake, Chris, ana nafasi 6 tu, na kwa mgeni hilo ni adhabu. Kuhusu uendeshaji, toleo la HD linakupa aina mbili. Ule wa kisasa, mhusika anakwenda unakoelekeza kijiti. Ule wa zamani wachezaji wanauita wa kifaru, yaani kile cha vita: juu ni mbele daima, popote mhusika alipoelekea, kushoto na kulia ni kugeuka. Nakuomba uupe ule wa zamani saa mbili kabla ya kuukataa. Kamera inabadilika kila unapovuka pembe ya chumba, na ukiwa unakimbia kwa ule wa kisasa mwelekeo unakuvuruga katikati ya mbio. Wa kifaru haukuvurugi.

2. Silent Hill (1999, PlayStation)

Kwa woga mtupu hii inaipita ya kwanza. Imekuwa ya pili kwa sababu kuinunua ni kazi.

Harry Mason anamtafuta binti yake wa miaka saba, Cheryl, katika mji uliojaa ukungu. PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mara moja, basi Konami, watengenezaji wake, wakaufunika kwa ukungu mchana na giza usiku. Udhaifu wa mashine ukageuka kuwa mji. Unapewa redio mbovu inayokwaruza zimwi likikaribia, na mara nyingi unaisikia kabla hujaona chochote. Unasimama. Mkwaruzo unazidi. Hujui utokako wala uendako. Harry mwenyewe si askari. Analenga vibaya na akikimbia anachoka. Nenda na kamusi kama Kiingereza kinakupa shida, kwa sababu kuna fumbo la piano shuleni linalosimama juu ya shairi la ndege na funguo zisizotoa sauti, na halifumbuki kwa kubahatisha.

Iliwahi kuuzwa kidijitali kwa PS3 na PSP. Nje ya hapo unatafuta diski, na hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Diski halisi ya PlayStation ya kwanza ina upande wa chini mweusi. Ukigeuziwa ya fedha, ni nakala. Mikwaruzo ya chini mara nyingi inasafishika, lakini iangalie zaidi upande wa juu, wa picha, kwa sababu kwenye CD data imelala karibu kabisa na upande huo. Inyanyue kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, rudisha.

Kisha soma herufi za mwanzo za namba ya diski. SLUS ni ya Amerika Kaskazini, SLES ya Ulaya, SLPS au SLPM ya Japani, na konsoli ya eneo moja haisomi ya eneo jingine. Matoleo ya Ulaya yalitengenezwa kwa runinga za 50 Hz, kwa hiyo mengi ya enzi hiyo yanakwenda taratibu kuliko ya 60 Hz na yana mistari myeusi juu na chini. Silent Hill ya Ulaya ilibadilishwa pia mazimwi: wale wa shuleni wenye umbo la watoto waliondolewa, wakawekwa wengine. Ukiwa na uchaguzi, chukua ya Marekani.

Jambo la mwisho, na hili lilinigharimu. Diski hii inacheza kwenye PS2, lakini memori kadi ya PS2 haisevu gemu za PlayStation ya kwanza. Muuzaji aliniapia kadi ni moja. Nilicheza mpaka shuleni, nikafika kwenye daftari la kusevu, na konsoli ikasema hakuna kadi. Niliiacha inawaka usiku kucha, runinga imezimwa, taa yake ya kijani ikinitazama gizani, nikaenda kutafuta kadi ya zamani kesho yake. Inunue siku hiyohiyo unayonunua diski.

3. Resident Evil 2 (1998)

Hii ndiyo inayokupa mengi zaidi kwa pesa uliyotoa. Unamaliza hadithi ya mmoja wa wahusika wake wawili, Leon au Claire, kisha unaicheza ya mwenzake usiku uleule, na uliyoyafanya mwanzo unayakuta. Kuna chumba chenye bunduki ya rashasha na mfuko wa kuongeza nafasi: ukivichukua vyote, mwenzako atakuta kabati tupu. Afya haina mstari kwenye skrini wakati wa kucheza. Unaijua kwa mwendo, mtu anavyoshika ubavu na kuchechemea.

Tangu 2024 GOG, duka la gemu la mtandaoni, wanaiuza ile ya awali kwa kompyuta, ikiwa imerekebishwa iende kwenye mashine za leo. Nunua hiyo. Toleo la 2019 lenye kamera ya begani ni gemu nzuri sana, nimeimaliza zaidi ya mara moja, ila ni gemu nyingine. Ikae zamu ya baadaye.

4. Silent Hill 2 (2001)

Moyo wangu ungeiweka ya kwanza. James Sunderland anapokea barua ya mke wake, Mary, akimwita mjini. Mary amefariki miaka mitatu nyuma. Sitasema zaidi, na wewe usisome popote.

Ninaishusha kwa sababu ya matoleo. HD Collection ya mwaka 2012, kwa PS3 na Xbox 360, ilijengwa juu ya msimbo ambao haukuwa wa mwisho, na ukungu, ule ukungu ambao ndio gemu, ukaharibika. Iache hata ukiikuta kwa bei ya bure. Chukua diski ya PS2. Kama unayo nakala ya kompyuta ya zamani, mashabiki wametengeneza marekebisho yanayoitwa Enhanced Edition, na kwa macho yangu ndiyo sura yake bora. Toleo jipya la 2024 lina heshima kwa hadithi, lakini nalo limeshika kamera ya begani.

5. Fatal Frame (2001, PS2)

Ulaya inaitwa Project Zero. Silaha yako ni kamera ya picha, na mzimu unaumia zaidi kadiri unavyouacha ukusogelee. Gemu inakulazimisha kumtazama usoni yule unayetaka kumkimbia. Inatosha kusema hivyo. Diski yake ni ya DVD, haina ule udhaifu wa upande wa juu kama CD.

6. Alone in the Dark (1992)

Babu yao wote, kazi ya Frédérick Raynal katika kampuni ya Infogrames, Ufaransa. Unaanzia darini kwenye jumba la Derceto, na ukiwahi kusukuma kabati mbele ya dirisha na sanduku juu ya mlango wa sakafuni, mazimwi mawili ya kwanza hayaingii. Nilipogundua hilo nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Inapatikana kwa kompyuta. Baada ya hapo inachosha: kupigana ni kwa tabu, na mitego inakuua bila kukuonya. Ichukue kama umeshazipenda zile za juu.

Za kusubiri, na za kuacha

Clock Tower ya 1995, ambamo msichana Jennifer hana silaha yoyote ila kujificha, ilibaki Japani mpaka ilipotolewa rasmi kwa Kiingereza mwaka 2024 kwa jina la Clock Tower: Rewind. Ni fupi na ina miisho mingi. Inunue ukiwa na wikendi moja.

Rule of Rose, Haunting Ground na Kuon za PS2 utazikuta zinasifiwa kila mahali. Usianze nazo. Nakala zake ni chache, zimeishia mikononi mwa wakusanyaji, na bei yake ni ya adimu kuliko ya gemu. Kwa bei ya diski moja kati ya hizo unaweza kununua ya kwanza, ya tatu, na memori kadi ya ya pili.