Kituo cha michezo cha jamii: kabla hujalipia, kasome ratiba

Watu wengi ukiwatajia kituo cha michezo cha jamii wanawaza jim tu, vyuma na vioo vya kupigia selfi. Sisi ni memba wa kimoja, tena tumelipia kama familia, na kiukweli mtu akiniuliza kizuri chake nini sitaji mashine hata moja, nataja ratiba. Mashine ziko kila mahali bwana.

Yaani iko hivi, mdogo wetu akiwa kwenye somo la kuogelea, bibi yake yuko upande wa pili wa bwawa hilo hilo kwenye darasa la wazee, maji yamemfika kifuani, na mimi niko ukumbini nahangaika na vijana wa basket ambao hata pasi hawanipi. Tunaingia pamoja tunatoka pamoja. Kabla ya hapo tulikuwa sehemu nyingine (siitaji jina), kule watoto jioni, wazee asubuhi, watu wazima usiku, sasa mzazi unageuka dereva, unashusha huyu unafuata yule, wewe mwenyewe mazoezi yako ni kukaa kwenye benchi na simu.

Niongelee kidogo hilo darasa la wazee maana ndo limenishangaza. Maji yakifika kifuani yanakubebea sehemu kubwa ya uzito wako, kwa hiyo magoti hayapati kile kishindo cha nchi kavu. Bibi huyu huyu ambaye ngazi anazipanda huku anazilaani, mle ndani anatembea mbele, anarudi kinyumenyume, anainua goti, anasimama mguu mmoja kashika ukingo kwa vidole viwili tu, na bado mdomo haujapumzika anapiga stori na wenzake. Zile za kusimama mguu mmoja sio mbwembwe. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka wenye miaka 65 kwenda juu wafanye mazoezi ya balansi na nguvu walau siku 3 kwa wiki ili wasianguke ovyo. Sisi watu wazima tunatakiwa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na watoto kuanzia miaka 5 wastani wa dakika 60 kwa siku. Sasa niambie hizo dakika za watu wote utazipatia wapi kama kila mmoja ana sehemu yake na saa yake.

Na hili la kufikiria umri halijaanza leo. Basket ilibuniwa 1891 na James Naismith kwenye shule ya mafunzo ya YMCA (kile chama cha vijana wa Kikristo) kule Springfield, Marekani, alitaka mchezo wa ndani kipindi cha baridi. Miaka minne baadae William Morgan, naye wa YMCA, mji wa Holyoke, akaona basket inawachosha memba wake wenye umri umri, akatundika neti katikati watu wasigongane, ndo voliboli hiyo. London nako, mtaa wa Peckham, kulikuwa na kituo cha afya ambacho hukubaliwi kujiunga peke yako, ni familia nzima au basi, na jengo lao la 1935 bwawa liko katikati limezungukwa na vioo ili watu wawaone wenzao wakiogelea. Kilifungwa 1950 lakini walioichora ile walikuwa na akili sana, maana hata kwetu mama mmoja alianza kwa kukaa tu anamwangalia mwanae, akaona bibi wa watu anaelea mle, wiki iliyofuata kaja na nguo za kuogelea.

Sasa malalamiko. Vijana wa miaka 13 mpaka 15 wamesahaulika kabisa, chumba cha michezo ya watoto wanaona aibu, jim wanakatazwa kwa umri, matokeo yake wanajazana kwenye ngazi karibu na mapokezi wanatafuta waifai halafu wanafokewa. Wapeni ukumbi jioni moja na kochi anayejua kuongea nao, shida iko wapi? Halafu chumba cha familia cha kubadilishia nguo ni kimoja, baba ukija na binti mdogo unapanga foleni na mtoto analowesha sakafu anatetemeka.

Kwa hiyo ukienda kuulizia, usikubali kuzungushwa kwenye mashine mpya, waambie wakuoneshe ratiba ya wiki nzima, weka kidole kwenye saa ambayo nyumba yako yote iko huru uone kuna nini cha mtoto, chako na cha mzee. Kama ni cha mmoja tu hiyo pesa ya uanachama wa familia waachie wenyewe. Chetu nakipa nyota 4 kati ya 5, ya tano watapata siku wakiwatoa wale vijana kwenye ngazi.