Ukuta au mwenza: kipi kinakomaza kichwa cha mcheza tenisi?

Hapa Mbeya swali hili haliishi: ujifue peke yako kwa kupiga mpira ukutani, au utafute mwenza wa kucheza naye? Kwa gharama, ukuta hauna mpinzani. Raketi na mpira mmoja vinatosha. Wala haukuahirishi, hata asubuhi ya Julai yenye baridi ya kung'ata. Hapo ndipo utajua kama una ari yako mwenyewe au ulikuwa unasukumwa. Ila ukuta haukutangulii 40-0, yaani kubakiza pointi moja tu uchukue gemu. Kuvuta pumzi, kusahau pointi iliyopotea na kuanza upya ndani ya zile sekunde 25 za kati ya pointi na pointi kunahitaji mtu ng'ambo ya neti anayetaka ushindwe. Mwenza naye ana visingizio, hasa mvua za Machi. Mwenye mashindano mwezi ujao atafute mwenza, tena anayemzidi. Anayeacha mazoezi kila baada ya wiki mbili aanze na ukuta.